Ndiyo ya Dakika Tisa

Dada yangu ni karani wa masjala. Kazi yake ni kupokea majalada, kuyapa namba, kuyapanga, na kuyatafuta mkubwa anapoyataka, na mkubwa siku zote huyataka dakika tano kabla ya kikao. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili, katika chumba chenye dirisha moja na makabati ya chuma yaliyokwisha kupakwa rangi ya kijivu mara tatu. Ukienda kuomba jalada bila fomu, huondoki nalo. Mkurugenzi mmoja mgeni aliwahi kumwambia, "Mama, mimi ndiye mkurugenzi hapa." Dada akamjibu kwamba habari hizo anazo, fomu ziko pale pembeni, na kalamu imefungwa kamba kwa kuwa kalamu zilizotangulia zilikwenda na wakurugenzi.

Mimi ni mdogo wake wa kumfuata. Nauza kompyuta zilizotumika. Nilianza na meza moja kwenye baraza la mtu, sasa nina duka lenye mlango wangu mwenyewe. Mtu aliyeishi kwa kupatana bei humtambua mwenye wivu mapema. Ni yule mteja anayeiponda mashine huku mkono wake umeishika. Kioo kimefifia, kibodi imelegea, betri haina maisha, lakini kuiweka chini hataki. Dada yangu aliishika mashine ya namna hiyo mwaka mzima, na mashine yenyewe ilikuwa mke wangu.

Chanzo ni mimi. Nilimletea laptopu moja iliyorudi dukani, na ndani yake mwenye mashine wa kwanza alikuwa ameacha programu ya kutunza stoo ya dawa. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaichukua bure, anaifungua aone ilivyoshonwa ndani, anaibadilisha akitaka, na anamgawia mwenzake. Zahanati na maduka ya dawa ya nchi nyingi yanaitumia. Dada hakuwa na dawa za kutunza hata vidonge vya kichwa. Aliifungua kwa udadisi tu, akakuta imetafsiriwa kwa Kiswahili, na kila dawa iliyopitwa na muda imeandikiwa: "Dawa hii imekufa." Akacheka peke yake, kisha akaudhika, kisha akawaandikia wenye programu kwamba dawa haifi, inaisha muda. Wakamjibu siku hiyo hiyo. Asante, karibu, rekebisha.

Wenye programu si kampuni. Ni watu waliotawanyika, mfamasia huku, mwalimu kule, mwanafunzi, mhandisi mstaafu wa mitambo ya maji ambaye ndiye mwenyekiti wao. Wengi hawajawahi kuonana. Mambo yao yote hupita kwenye barua pepe za kundi, na kila barua inabaki wazi, haifutiki, mtu wa miaka kumi ijayo ataisoma. Dada alipogundua hilo, alikuwa amefika nyumbani. Akatafuta kanuni zao, akazisoma zote kurasa thelathini na moja, akagundua kwamba hakuna aliyekuwa amezisoma isipokuwa aliyeziandika.

Kanuni zenyewe si ngumu. Programu inapokuwa tayari kutolewa upya, hiyo inaitwa toleo, na toleo halitoki kiholela. Msimamizi wake hukusanya faili zote katika kifurushi kimoja na kukitia sahihi yake. Kila faili iwe na leseni juu kabisa, mistari michache inayosema nani ameruhusu nini. Kilichochukuliwa kwa mtu mwingine kije na ruhusa ya mwenyewe na jina lake. Kisha kamati inapiga kura kwa siku tatu kamili, na bila ndiyo tatu hakuna toleo. Anayesema ndiyo anaapa kwamba amekipakua kifurushi kwenye mashine yake mwenyewe, amekikagua, ameijenga programu kutoka mwanzo na imekubali kuwaka.

Wengine walikuwa wakilichukulia hilo la kuapa kama adabu ya kuandika tu. Dada alilichukua kama alivyolisoma. Alikuwa akipakua, akifungua, akipita faili moja moja na kalamu na karatasi, na asipoona leseni anaandika barua yenye neno moja: "Leseni?" Ndipo wakamwita Bi Leseni. Miaka tisa, matoleo kumi na matatu. Ikafika mahali watu wakawa hawasemi toleo limepita, wanasema Bi Leseni kasema ndiyo.

Hapo ndipo alipomwingiza wifi yake.

Mke wangu alikuwa anauza dawa kaunta, kwenye duka linalotumia programu hiyo hiyo. Siku moja walikuwa jikoni kwetu wanamenya viazi, akawa analalamika kwamba programu inasubiri dawa iishe muda ndipo iseme, wakati mwenye duka anataka kujua mwezi mmoja kabla. Dada akamwambia, kwa ule ukavu wake wa masjala, kwamba programu ni huria, asiyeridhika aandike mwenyewe. Nadhani alisema ili kumnyamazisha. Mke wangu akaja kwangu akaniomba mashine, akajifunza kuandika msimbo, yaani yale maagizo ya kompyuta, na miezi saba baadaye onyo la mwezi mmoja kabla likawa ndani ya programu. Zahanati zikaandika kushukuru. Mwenyekiti akaandika, "Tumepata mtu."

Barua hiyo dada aliisoma dukani kwangu, amesimama.

"Tumepata mtu," akasema. "Kwani mimi miaka yote hii nilikuwa nini, stuli?"

Tangu siku hiyo wifi akawa hafanyi jambo likanyooka. Anaandika "jamani" katika barua za kazi. Anamwandikia kila mtu pole na kazi kana kwamba wako msibani. Anaandika msimbo mrefu, mtu mwenye akili angeuandika kwa nusu yake. Anapendwa kwa sababu anacheka, na kucheka si sifa ya mkaguzi. Nilikuwa namsikiliza huku nafuta vumbi kwenye mashine. Hakuna siku aliyotaja jambo la mke wangu bila kulijua kwa undani kuliko nilivyolijua mimi ninayelala naye chumba kimoja. Alikuwa anasoma kila alichoandika.

Nyumbani nako mambo hayakuwa tofauti. Mke wangu alikuwa ananiuliza, mara nyingi na bila sababu, kama dada amesema chochote juu ya lile onyo. Nikimjibu hajasema, anagonga mwiko kwenye sufuria. Barua mia za kumshukuru hazikumtosha, alitaka moja, kutoka kwa mtu ambaye hashukuru. "Akisema yeye, watu wananyamaza," aliniambia. "Mimi nikisema, wananiwekea vikatuni vya kucheka."

Na mimi, kama ni kusema yote, sikuwa nimekaa nje ya mstari. Mashine zote mbili zilitoka dukani kwangu, intaneti ya nyumba zote mbili niliunganisha mimi, na katika ile faili ya majina ya waliosaidia, yenye watu mia na kitu, hata jina langu la utani halimo. Nililitafuta mara mbili.

Sasa ikafika zamu ya toleo la kumi na nane. Mwenyekiti akaandika kwenye kundi kwamba anatafuta msimamizi, anayetaka aseme. Alikuwa akiandika hivyo kila mara. Na kila mara, kwa miaka tisa, dada alikuwa akisubiri waseme wao kwamba safari hii tumwombe Bi Leseni. Hawakusema kwa sababu hakuomba, naye hakuomba kwa sababu hawakusema. Mke wangu aliisoma barua saa moja asubuhi, akajibu kabla hajapiga mswaki: "Mimi nataka, jamani."

Jioni dada akanipigia simu. Hakuanza na salamu.

"Mkeo kaomba."

Nikamwambia waliuliza nani anataka.

"Mtu haombi kitu kama kile, mdogo wangu. Anapewa."

Nikamwambia biashara haiendi hivyo. Akakata.

Kifurushi cha kwanza mke wangu alikitoa Jumatatu. Jumatano dada akaleta kura yake: hapana, na chini yake orodha ya makosa kumi na manne. Nilimwomba mke wangu anieleze yapi ni ya kweli, naye, macho mekundu, akasema yote ni ya kweli. Faili tatu hazina leseni. Mwaka umeandikwa wa zamani. La kumi na moja lilisema kwamba orodha ya dawa za mfano, ile inayowekwa ili mtu mpya ajaribie programu, haionyeshi imetoka wapi. Hakuna lililosingiziwa. Lakini mwalimu mmoja wa kwenye kamati, mtu mpole, akauliza kwa barua fupi: makosa sita kati ya haya yalikuwemo hivi hivi kwenye toleo la kumi na saba, na Bi Leseni alisema ndiyo. Je, kanuni imebadilika?

Kanuni ilikuwa ile ile, na kila mtu kwenye kundi alijua kilichobadilika.

Dada hakujibu. Mwenyekiti alimpigia, wakaongea robo saa, na ninachojua ni kile alichonisimulia yeye mwenyewe, kwamba yule mzee hakumgombeza. Alimuuliza tu kama nyumbani kuna amani. Hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa. Karani anayeshukiwa kupima kwa mizani mbili hana kazi tena, awe masjala au popote, na yeye alikuwa hana kitu kingine alichokijenga kwa jina lake. Hana mume, hana mtoto, nyumba ni ya kupanga. Alikuwa na neno lake la ndiyo.

Mke wangu akarekebisha yote kumi na manne, akiwa na haraka ya mtu anayetaka kuonyesha. Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika mbili asubuhi, akatoa kifurushi cha pili. Na katika barua akaandika, mbele ya watu wote: "Asante sana wifi yangu, jicho lako limeniokoa."

Ningekuwepo ningemzuia. Kwa mwenye wivu shukrani ya hadharani ni kofi.

Saa nne na dakika kumi na moja dada akajibu. Neno moja, herufi kubwa: NDIYO.

Kufikia jioni wawili wengine, mfamasia na mwanafunzi, walikuwa wameongeza zao. Ndiyo tatu. Zilizobaki ni siku tu, ziishe Ijumaa saa nne asubuhi, toleo litoke.

Mke wangu hakufurahi. Alhamisi mchana, tunakula, akaniuliza Jumanne saa nne asubuhi dada yangu anakuwa wapi.

"Masjala."

"Na laptopu yake inakuwa wapi?"

Laptopu haiingizwi ofisini kwao, na intaneti ya nyumbani kwake niliiunganisha mimi. Kifurushi kile peke yake, kwa laini ile, ni dakika arobaini kabla hata hujakifungua. Kukikagua kwa namna yake ni siku nzima. Alikuwa ametuma ndiyo kwa simu, chini ya meza, bila kupakua kitu.

"Dakika tisa," mke wangu akasema. "Kaisoma barua, kavuta pumzi, kanitupia. Hao wawili wamemfuata yeye, ndivyo wanavyofanya siku zote. Kwa hiyo toleo langu halijakaguliwa na mtu."

Nikamuuliza kwani kura si anazo. Mtu wa biashara akishapewa mkono haendi kuuliza kama mwenzake alimaanisha.

"Nataka ndiyo yake. Hii ya kunionyesha kwamba hana wivu abaki nayo. Mpigie wewe. Mimi nikimwandikia atanijibu kwa kifungu cha kanuni."

Nilimpigia dada akiwa anafunga makabati. Sikumzungusha. Nikamwambia wifi yake amehesabu dakika, na kwamba dukani kwangu kuna laini ya kasi na meza ya nyuma iko wazi. Saa kumi kasoro alikuwa mlangoni, laptopu yake mkobani, akapita bila kunitazama, akakaa nyuma kati ya maboksi ya vioo vilivyovunjika.

Alikuwa na muda mpaka kesho yake saa nne. Alipakua, akafungua, akaanza kupita faili na kalamu mkononi. Mimi niliendelea na wateja. Mmoja alikuwa ananibana bei ya kichapishi huku mwenzake akimsaidia kukiponda, na kabla hatujaafikiana nikasikia dada anasema, taratibu, kama mtu aliyeona pesa njiani:

"Nimempata."

Nikawaomba wale wasubiri.

Lilikuwa kosa la kumi na moja, lile la orodha ya mfano. Mke wangu, katika kulirekebisha, alikuwa ameitupa orodha ya zamani na kuweka mpya, nzuri, dawa mia sita zimepangwa kwa majina, vipimo na namba. Dada alikuwa ameitambua. Ilitoka kwenye kitabu cha duka la jumla linalowauzia dawa pale kwenye kaunta ya mke wangu, namba zao zile zile, mpangilio wao ule ule, hata kosa lao moja la tahajia. Na kitabu kile, ambacho mke wangu aliwahi kukisahau nyumbani kwa dada, kina maneno kwenye ukurasa wa pili: haki zote zimehifadhiwa. Mke wangu alikuwa amekishika kila siku miaka sita, akakizoea kama mtu anavyozoea kikombe cha ofisini akadhani ni chake. Toleo likitoka na orodha ile ndani, litasambaa kwenye zahanati za nchi nyingi, na wenye kitabu wakiamka litavutwa lote, na jina lililo juu yake ni la msimamizi.

Dada aliegemea kiti. Uso ule niliujua. Ni wa mteja aliyekuwa anasema mashine ina ufa, kisha akauona ufa kweli.

"Nikikaa kimya," akasema, "kesho saa nne linatoka. Jina ni lake."

Kuna bei ambazo ukiacha mtu ajitajie, anasikia mwenyewe alichokisema.

Kisha mkono wake ukaenda kwenye kioo, akapandisha juu kwenye barua za kura, akaiona ndiyo yake pale, ya kwanza, na saa yake pembeni. Juu ya toleo jina lilikuwa la wifi. Chini yake, kwenye kiapo, jina lilikuwa la dada mwenyewe.

Nilimpa njia ninayoijua. Msimamizi anaruhusiwa kusimamisha kura. Mke wangu aandike kwamba mashine yake imeharibika, kifurushi kina hitilafu, anakirudisha. Atengeneze orodha nyingine polepole, kura ianze upya, hakuna anayeulizwa kitu. Wote wawili wanatoka wazima. Nikampigia mke wangu hapo hapo, nikaweka simu mezani katikati ili tusikie wote.

Mke wangu alisikiliza habari ya kitabu mpaka mwisho. Hakubisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Ee Mungu wangu, ni kweli." Halafu nikamweleza mpango. Akauliza wifi anasemaje.

Dada akainamia simu. "Mume wako anataka tuandike mashine imeharibika."

"Nimemsikia."

"Barua zile hazifutiki, wifi."

"Najua hazifutiki."

"Ile ni masjala. Mimi siweki karatasi ya uongo kwenye masjala."

"Basi nitaandika ukweli," mke wangu akasema. "Nitaandika nimeweka orodha isiyo yetu. Watauliza nani aliikagua. Majina matatu yapo, la kwanza lako. Mimi nitaonekana mzembe na wewe mwongo. Nani atangulie?"

Nimepatanisha watu wengi katika duka lile, na niliona hapa hakuna cha kugawana katikati. Nilirudi kwa mteja wa kichapishi nikamwachia kwa bei yake, kwa sababu nilikuwa nataka aondoke.

Dada alikata simu bila kuaga. Akaandika. Hakuniita nimsomee, lakini barua za kundi lile yeyote anazisoma, na hii niliisoma nimesimama nyuma yake kabla hajabonyeza:

"Naondoa ndiyo yangu ya Jumanne. Sikukipakua kifurushi, nilipiga kura kwa simu baada ya dakika tisa. Nilifanya hivyo ili msiseme nina wivu na msimamizi. Wivu ninao, na hapana yangu ya kwanza niliipima kwa mizani tofauti na niliyotumia toleo la kumi na saba. Leo nimekipakua na kukikagua. Orodha ya dawa za mfano ina mwenyewe na hatujaomba ruhusa. Kura yangu ni hapana. Kama kamati inaona sistahili kupiga kura, iseme."

Akabonyeza, akafunga mashine, akaniuliza kama nina maji ya kunywa.

Kabla sijafunga duka, mfamasia alikuwa ameondoa ndiyo yake. Aliandika kwamba naye hakukifungua kifurushi, alimwamini Bi Leseni. Mwanafunzi akafuata na maneno karibu yale yale. Toleo lililokuwa na ndiyo tatu likabaki halina hata moja. Mke wangu akasimamisha kura usiku ule kwa mistari miwili, akaandika sababu, na chini akaandika kwamba orodha aliiweka yeye. Safari hii hakuandika "jamani".

Kamati ilikaa kwa barua siku nne. Wakapitisha kwamba kuanzia sasa asemaye ndiyo aorodheshe alichokagua na kwa mashine gani. Na juu ya dada wakaamua kwamba katika kura ya toleo hili, ya kwake haitahesabiwa. Anaruhusiwa kukagua, anaruhusiwa kusema, lakini ndiyo tatu zitafutwe kwa wengine. Toleo lijalo atarudi. Mwenyekiti alimwandikia uamuzi huo kwa heshima zote, na dada akajibu: "Umepokelewa." Ndivyo wanavyojibu masjala.

Nilidhani ataacha, mtu akishanyang'anywa mizani haendi sokoni kuwatazama wanaopima. Kumbe sikumjua. Kifurushi cha tatu kilipokuwa kinakaribia, Jumamosi asubuhi alikuja kwetu na laptopu yake, karatasi zake na kalamu, akakaa upande mmoja wa meza ya kulia. Mke wangu alikuwa upande wa pili anamalizia orodha mpya, aliyoiandika mwenyewe dawa moja moja kwa majina ya kawaida yasiyo mali ya mtu. Dada akasema kama ni kukagua, ni afadhali kabla kuliko baada. Mke wangu akasema sawa. Hawakukumbatiana, na ningeshangaa. Waliweka chupa ya chai katikati na kila mtu akawa anajimiminia.

Karibu na saa sita mke wangu aliiacha kazi kidogo. Alikuwa anasoma barua za kundi, na nikaona amekunja uso.

"Bado wanakuandikia wewe," akasema. "Wiki nzima. Bi Leseni umetufundisha, Bi Leseni una moyo. Mtu kachapa mistari minane. Mimi nimeandika dawa mia sita, hakuna aliyeuliza mkono wangu unaumaje."

Dada hakuinua kichwa. Ila nilimwona, mimi ninayemjua tangu tukigombania blanketi, jinsi alivyojizuia mdomo usitabasamu.

"Toleo likitoka watakuandikia," akasema.

"Siyo hivyo. Wewe wanakuamini hata ulipokosea. Mimi wananipenda tu."

"Basi tubadilishane."

Mke wangu akamtazama aone kama ni utani. Dada alikuwa amekwisha kurudi kwenye karatasi yake, kidole kwenye mstari, midomo ikihesabu. Alifika faili ya mia mbili na tatu, akasimama hapo.

"Leseni?" akauliza.

Mke wangu akazunguka meza kwenda kuangalia. Ilikuwa haipo kweli.